Pumzi Kati ya Majina

Jumamosi asubuhi soko la Ingerslev lilikuwa limefurika watu na baiskeli zao, na Ragna alichotaka ni samaki tu arudi nyumbani. Lakini mbele yake, katikati ya njia, kijana mrefu mwenye koti la kijani lililopauka viwikoni alikuwa amesimama kama nguzo. Amefumba macho. Mkononi ameshika fimbo, na kwenye ncha ya fimbo kuna kitu cha manyoya ya kijivu, amekielekeza kwa muuza samaki.

"Samahani, kaka," Ragna alisema. "Huyo paka wako anataka kununua, au ananusa tu?"

Kijana akainua kidole, maana yake subiri. Muuza samaki akakata kichwa cha chewa, akakitupa ndooni, pwa! Ndipo kijana akafumbua macho.

"Dada, umeniharibia," alisema, lakini huku anatabasamu. "Sasa hadithi yangu ya miaka mia na zaidi iliyopita itakuwa na mwanamke anayeuliza habari za paka."

"Hadithi gani hiyo?"

"Ya kivuko kilichozama. Hii ni maikrofoni. Manyoya ni ya kuzuia upepo."

Ragna alicheka mpaka kofia ya koti lake la mvua la manjano ikamdondoka, nywele zikatawanyika usoni. Yule kijana alimtazama akasahau kuzima mashine. Kicheko kile kimo humo mpaka leo.

Jina lake Eskild. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na baada ya kazi alitengeneza podikasti za historia, yaani vipindi vya kusikiliza kwenye simu, anajirekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, maana makoti hunyonya mwangwi. Ragna naye alikuwa fundi wa meno ya bandia. Mikono yake kutwa ilikuwa kwenye meno, na masikio yalikuwa hayana kazi, kwa hiyo alisikiliza historia. Wafalme, tauni, vita, njaa, vyote vilipita masikioni mwake wakati anasugua magego ya watu. Tena alikuwa katika kikundi cha wasikilizaji pale maktaba. Kila mwezi walichukua watu wawili waliosimulia tukio moja, wakapima nani amelisimulia vizuri zaidi.

"Kumbe wewe ni hakimu," Eskild alisema.

"Nina masikio tu, mwalimu."

"Basi usisikilize za zamani, nyingine zinanitia aibu. Subiri hii ya kivuko. Nikiimaliza, nipime kwa hiyo."

Wakapeana namba za simu pale pale, samaki wa Ragna anavuja maji kwenye mfuko.

Majira ya joto yakapita wakiwa pamoja. Waliogelea baharini maji yakiwa baridi ya kukata meno, wakala mikate ya mdalasini kwenye benchi, wakaendesha baiskeli msituni. Jumapili Ragna alikwenda kanisani na Eskild akawa anamfuata, kwanza kwa ajili ya Ragna, baadaye kwa ajili ya nafsi yake. Mungu ana njia nyingi za kumwita mtu.

Eskild alikuwa mtu wa taratibu. Kila mchana alipiga simu.

"Ragna..."

"Naam, mpenzi."

"Nilikuwa nafikiri..."

"Fikiri haraka, kipenzi, nina taya la bibi mmoja hapa linakauka."

"Nilikuwa nafikiri kwamba leo... nimekukumbuka."

"Haya, hilo neno limenifikia. Nilishaanza kuzeeka."

Wote wawili wakacheka, kila mmoja kazini kwake.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, hadithi ya kivuko ikatoka. Wiki hiyo hiyo kikundi kikaichagua, kwa sababu Preben wa Kopenhagen, msimulizi maarufu, naye alikuwa ameisimulia. Ragna hakuficha. Alimwambia Hjalmar, mzee anayeongoza kikundi, kwamba Eskild ni mchumba wake, au karibu na hapo.

"Basi sema ukweli mara mbili," Hjalmar alimjibu.

Eskild naye alimwambia, "Usinipendelee. Nimechoka kusifiwa na watu wanaonipenda. Mama yangu huniambia ni nzuri kabla hata sijaanza."

"Mimi sipendelei mtu," Ragna alisema, na alimaanisha.

Siku ya mkutano wao Hjalmar aliwasha kinasa sauti, maana mazungumzo yao huwekwa kwenye mtandao, watu wayasikie.

"Tuanze na mlango," alisema. "Nani kaingia vizuri?"

"Preben ana radi na kinanda cha kanisa," alisema mmoja. "Unashtuka mpaka unamwaga kahawa."

"Huyu mwalimu ana muuza samaki. Mimi nimependa samaki."

"Na ukweli?"

"Mwalimu. Preben anawatia marehemu maneno mdomoni. Nani aliyemsikia nahodha akisema hivyo? Si alizama?"

Wakacheka. "Na kusimulia kwenyewe?" Hjalmar akamtazama Ragna.

Ragna alikuwa amevaa gauni la bluu la kola nyeupe, na kola ilikuwa inambana. "Sauti yake ni nzuri," alisema polepole. "Maneno ameyachagua. Lakini anakimbia. Pale mchungaji anaposoma majina ya waliozama, na Ane, mke wa nahodha, amekaa kanisani anangoja kama jina la mumewe litatajwa, yeye anayasoma kama mtu anayesoma vitu vya kununua dukani. Sukari, chumvi, sabuni. Ane hapati nafasi ya kuogopa. Preben ana mbwembwe, sikatai, lakini ananipa nafasi."

Bibi mmoja pembeni alifungua mdomo kama anataka kupinga, ila maktaba ilikuwa inafungwa. Wakapiga kura. Preben akashinda.

Eskild aliyasikia mazungumzo yale ndani ya basi. Ile sehemu ya majina ilimchukua mwezi mzima. Baada ya kila jina aliweka ukimya, mwingine mfupi, mwingine mrefu, akaupima kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Hakumpigia Ragna mchana. Alipiga jioni.

"Nimesikia," alisema.

"Nilijua utasikia. Ulisema nisikupendelee."

"Sukari, chumvi, sabuni."

"Eskild, nimesema nilichosikia. Hata mimi nilishangaa, mtu mtaratibu kama wewe. Nikadhani labda maikrofoni inakutia hofu."

"Mimi nakimbia? Mimi?"

"Unakimbia, mpenzi."

"Hukusikiliza."

"Nimesikiliza mara mbili!"

"Hukusikiliza, Ragna. Umeweka masikioni, mikono yako kwenye meno, na mawazo yako sijui wapi. Ungesema imekuchosha ningekubali. Ungesema sauti yangu ni mbaya ningekubali. Lakini hilo ulilolisema haliwezi kusemwa na mtu aliyesikiliza."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Usiku mwema, mwalimu."

Akakata. Kisha akakaa ameishika simu kifuani, anangoja ilie. Haikulia. Hata kesho yake mchana haikulia, na meno aliyosugua siku ile yalirudishwa na daktari, yalikuwa hayakai.

Mtu anayekupenda akikuambia husikilizi, jambo hilo linauma mahali pasipo na dawa. Ragna alisali juu ya jambo lile, lakini sala zake zilikuwa za kumwomba Mungu ambadilishe Eskild. Majani yakaisha mitini. Alikonda kidogo. Akaanza kuvaa koti lile lile kila siku.

Mama yake, Bodil, alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makali, anakaa peke yake karibu na bandari. Mchana mmoja Ragna alimkuta jikoni anamenya viazi, sufuria iko motoni, na spika ndogo juu ya friji inaongea. Ilikuwa sauti ya Eskild.

"Mama! Huyo tena?"

"Nyamaza. Huyu mwanaume wako ananiliza mpaka viazi vinaungua. Ni mara ya tatu."

"Si wangu."

"Nyamaza, nimekwambia. Wamefika kanisani."

Mchungaji alitaja jina. Kisha hakukuwa na kitu. Maji ya viazi yakasikika yakichemka. Jina jingine. Tena hakuna kitu, na katika ile nafasi tupu Ragna alimwona Ane, mikono imeshika benchi, anajua kwamba hili silo, labda linalofuata. Jina jingine. Kisu cha Bodil kilikuwa kimesimama juu ya kiazi.

"Mama," Ragna alinong'ona, "spika imekatika?"

"Imekatika wapi? Anawaacha wapumzike, maskini."

Ragna alitoa simu yake mfukoni, akatafuta ile ile hadithi, akaiweka sikioni. Majina yakatoka mbio, moja juu ya jingine. Sukari, chumvi, sabuni. Akafungua mipangilio ya programu, akashuka chini, chini kabisa, na hapo akaona kitufe kimewashwa: *Ondoa ukimya*. Alikiwasha mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, alipokuwa na hadithi nyingi za kusikiliza na muda mchache. Mahali popote ambapo msimulizi alinyamaza, simu iliukata ule ukimya ikautupa. Preben hakukatwa kitu, kwa sababu chini ya maneno yake kila wakati kuna kinanda na mvua.

Alimwonyesha mama yake. Bodil akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Yaani umemziba pumzi," alisema, "halafu ukamlaumu kwamba anahema."

"Mama, nifanye nini?"

"Viazi vimeiva. Kula, halafu uende."

Eskild alifungua mlango amevaa sweta lenye tundu begani. Alikuwa hajanyoa. Alimwona Ragna, na moyo wake ukaruka, lakini uso akaukaza.

"Umesahau kitu dukani?" aliuliza.

"Usinidhihaki kwanza. Shika." Akampa simu. "Sikiliza hadithi yako kama nilivyoisikiliza mimi."

Eskild aliiweka sikioni pale pale mlangoni. Ragna alimtazama usoni. Kwanza nyusi zilipanda. Kisha mdomo ukaachama.

"Huyu nani?" Eskild alisema. "Ana haraka ya kwenda wapi?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Mchungaji gani anasoma hivi? Anawahi basi?" Akaanza kucheka, akaegemea mlango. "Ragna, ningekuwa mimi, ningempa alama ndogo kuliko zako."

Ragna alimwonyesha kile kitufe. Eskild akakitazama kwa muda, kicheko kikaisha.

"Nami nilikwambia hukusikiliza," alisema. "Kumbe ulisikiliza kila kitu walichokuachia. Nisamehe."

"Nisamehe na mimi. Sikuuliza. Nilikuwa na uhakika mno na masikio yangu. Nitasema mbele ya kikundi, na kinasa sauti kikiwa kimewashwa."

"Si lazima."

"Ni lazima. Nilikosea hadharani."

Eskild akamvuta ndani, akamkumbatia. Koti la manjano lilikuwa na mvua lakini hakujali.

"Sasa niambie," alisema juu ya nywele zake. "Umeisikia vizuri?"

"Yote. Nimelia na mama. Lakini..."

"Lakini nini?"

Ragna alisita. Alikuwa amempata tena dakika hii hii. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Ila Mungu angejua, na yeye mwenyewe angejua.

"Sehemu ya tatu ni ndefu," alisema. "Ane amekaa ufukweni hajui kama ana mume, na wewe unanieleza misumari ya kivuko. Misumari, mbao, lami. Eskild, mimi sitaki misumari. Nataka kujua habari za mumewe."

Eskild akalegeza mikono, akamwachia. Ragna akafumba macho, akajiambia, basi, nimeharibu tena.

"Hakuna hata mtu mmoja," Eskild alisema mwishowe, "aliyeniambia habari za misumari. Wote wameniambia nzuri sana, hongera sana. Mimi mwenyewe nilikuwa naona pananiwia pazito, sijui ni nini." Akamshika mabega. "Ragna, nikuoe."

"Unanichumbia, au unataka nisiseme tena habari za misumari?"

"Nataka useme maisha yangu yote."

"Basi kata misumari kwanza. Siwezi kujibu jambo kubwa namna hii na misumari iko kichwani."

Jumatano Ragna alisema yote mbele ya kikundi, uso unamwaka. Hjalmar akachomoa simu yake kuangalia, na kumbe kitufe chake nacho kilikuwa kimewashwa. Wengine wawili vile vile. Yule bibi wa pembeni akapiga meza, "Mimi nilitaka kusema siku ile!" Wakapiga kura upya. Preben akashinda tena, kwa kura moja tu, kwa sababu kuna watu wanapenda radi.

Eskild alikuwa anangoja nje kwenye ngazi za maktaba, baiskeli imeegemea kiuno chake, upepo wa bahari unamfumua nywele.

"Umeshindwa, mpenzi," Ragna alisema.

"Kwa ngapi?"

"Moja."

"Hiyo nzuri. Mwaka kesho namkamata." Akamnyoshea simu. "Sehemu ya tatu. Sikiliza."

Ragna aliketi kwenye ngazi. Watu walipita na vitabu vyao. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia magotini, bila kusugua jino la mtu. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Alipomaliza alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Sasa uliza tena," alisema.

Eskild akapiga goti kwenye ngazi yenye maji. "Ragna..." alianza, akanyamaza, akameza mate, akatafuta maneno, na baiskeli ikaanguka nyuma yake kwa kishindo, wala hakugeuka. Ragna alimtazama tu. Hakumwambia afanye haraka.