Kitambaa Mdomoni mwa Gunia

—Camion imepita Kavumu. Uko unaiona?

Sauti ya Floribert, msaidizi wake Bintu, ilikwaruza ndani ya redio ya Motorola.

—Niko nyuma yake.

Bintu aliongeza mafuta. Pikipiki yake ya TVS iliruka shimo la kwanza, la pili ikalikwepa. Mbele yake lori, Fuso yenye turubai la bluu, iliteremka kuelekea Bukavu kama iliyoibiwa.

Chini ya turubai, magunia ya makala, mkaa wa kupikia.

Mwenye mzigo alikuwa Hugues, mgeni mwenye tabasamu na pasipoti mbili. Aliviuzia viwanda vya Ulaya ahadi kwamba msitu mmoja wa huku hautaguswa, ili viendelee kutoa moshi kwa roho nyeupe. Kisha akaukata msitu uleule. Sheria mpya ya hali ya hewa ilisema ifikapo 2050 nchi isitoe hewa chafu kuzidi ile inayovutwa na miti yake, na makala ya msituni ikapigwa marufuku. Sheria tamu kweli. Bintu, afisa wa polisi, alikula kiapo kuilinda.

Fuso ikasimama mbele ya depo ya makala, mtaa wa Cimpunda. Hugues alikuwa akiisubiri ndani ya Land Cruiser.

Bintu akachomoa bastola yake, Glock.

—Shuka! Mikono juu!

Hugues akapeleka mkono chini ya kiti. Bintu akaubamiza kwa mlango. Bastola ya Hugues ikaanguka, na askari waliokuja na Floribert kwa jipi wakafunga njia.

Hugues alitoka akijishika mkono, lakini alicheka.

—Munanishika kwa nini? Makala haiko yangu. Muangalie vikwembe ku magunia.

Hakudanganya. Wanawake wa Bukavu wakilipia gunia huko porini, hufunga mdomo wake kwa kipande cha kitenge, kila mmoja chake, wasije wakagombana likifika. Kila gunia lilikuwa na kitambaa. Bila mnunuzi wa kusimama na kusema huyu ndiye aliyeniuzia, Hugues angevuka mpaka kabla ya chakula cha mchana.

—Nani alinunua kwake? Bintu aliwauliza wanawake waliokusanyika.

Wakaangalia viatu vyao.

Hapo ndipo alipokiona. Kitambaa cha kijani chenye njiwa weupe.

Kitenge hicho alikinunua yeye mwenyewe, kwa sikukuu ya parokia. Alimpa mama yake, Godelive.

Uso ulimwaka kwa aibu. Mwaka jana alimnunulia mama jiko la umeme, akajigamba kazini kwamba kwao makala imekwisha. Umeme ulikuja siku ulipojisikia. Mama akaweka sanamu ya Bikira Maria juu ya lile jiko, na Bintu, kila jioni, alikula bugali la moto bila kuuliza limeivia wapi. Hakuuliza kwa sababu alijua.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekijua kitambaa kile.

Alitoa simu.

—Maman, kuya ku depo.

Maman Godelive alifika na unga mikononi. Aliona gunia lake, akaona bunduki, akamwona binti yake.

—Maman, nani alikuuzisha?

Mama akamnyooshea Hugues kidole.

—Njo huyu. Nilimulipa mu mukono.

—Na miye, alisema mwingine nyuma yake.

—Na miye.

Hugues aliacha kucheka. Pingu zikalia.

Floribert akakohoa.

—Chef, loi inasema hata mwenye kununua...

—Sheria naijua.

Mama alikwisha kunyoosha mikono afungwe pingu.

—Haina neno. Lakini uniambie, mutoto yangu. Iyi loi yenu, inapika bugali?

Bintu hakuwahi kuona haya kiasi kile, wala mbele ya bunduki ya adui, wala mbele ya padri.

—Andika jina yake, alimwambia Floribert. Na yangu chini yake.

—Yako kwa nini?

—Nilikula ile bugali.

Akamkabidhi Glock. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akamshika mama mkono wenye unga, akatembea bila haraka hadi kwenye jipi la askari. Hakupanda mbele. Alipanda nyuma, akakaa na washitakiwa.