Jiwe la Asili

Kila siku saa mbili kasorobo asubuhi, msichana wa chumba cha mawe aliingia kwenye lifti ya makumbusho akiwa na chupa yake ya chai na mswaki mpya mfukoni. Mswaki haukuwa wa meno. Ulikuwa wa kusugulia mawe ambayo watu wa mjini waliyaokota na kuyaleta ili waambiwe kama yalichongwa na watu wa kale au la. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu, akawasha taa, akanywa kikombe cha kwanza bila kusemeshwa na mtu. Miaka miwili ilikuwa imepita hivyo.

Siku hiyo lifti ilikwama njiani.

"Nani yumo?" sauti ya kiume iliuliza kutoka juu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Alifikiri kidogo. "Wa mawe."

"Basi tulia, Wa Mawe. Usirukeruke, lifti hii ina hasira za mama mkwe."

Alicheka gizani, kisha akashtuka kukisikia kicheko chake mwenyewe. Mlango ulipofunguka alimwona fundi lifti: ovaroli ya bluu iliyopauka, kola nyeupe iliyopigwa pasi ikichungulia shingoni, grisi shavuni. Fundi naye aliona gauni la kijani lenye vifungo mpaka kooni na macho yanayotafuta pa kujificha. Alimvuta mkono kumtoa, na hakuuachia haraka.

Kesho yake fundi alikuja na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Lilikuwa jiwe jeusi, refu kama kiganja, upande mmoja mwembamba kama shoka. Alieleza kwamba marehemu baba yake, mwashi, alilichimbua kwenye msingi wa nyumba akashikilia mpaka kufa kwake kuwa ni shoka la watu wa kale. Nyumbani wote walimcheka. Dada yake mkubwa alilisugulia visigino.

"Ni mimi peke yangu niliyemwamini," fundi alisema. "Niandikie ukweli."

Msichana alilisugua, akaliweka chini ya lenzi. Jiwe lililopasuliwa na mtu huonyesha mahali lilipogongwa, na makovu yake hufuatana, yakitafuta makali. Hili halikuwa na kovu hata moja. Lilikuwa limelainika kila upande sawasawa, mpaka ndani ya vishimo ambamo kidole hakifiki. Mtu huchagua upande wa kufanyia kazi, maji ya mto hayachagui. Akajaza kadi kwa maneno ya siku zote ya chumba kile: Jiwe la asili. Lirudishwe kwa mwenyewe.

Fundi alisoma, macho yakamlowa.

"La asili," alisema taratibu. "Baba alisema."

Katika chumba kile, la asili lilikuwa jiwe ambalo mkono wa mtu haujalichonga. Fundi alisoma kama ambavyo yeyote wa mtaani angesoma: halisi, la mababu, lenyewe hasa. Msichana aliliona kosa papo hapo. Akafungua mdomo amwambie. Lakini fundi alikuwa ameushika tena mkono wake, akiuliza kama anaweza kumpigia simu amshukuru vizuri, na mdomo ukatoa namba ya simu.

Fundi alipiga mchana huohuo, na kila mchana baada ya hapo. Alipiga akiwa juu ya lifti za watu, akimsimulia nani kakwama na nani.

"Unakula nini, mtaalamu wangu?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Na simu yako."

"Basi usiumalize haraka."

Kila simu ilipolia, msichana aliapa kwamba leo atasema. Kisha fundi akamweleza kuwa kadi sasa iko kwenye fremu sebuleni kwa dada, na kwamba dada alilia akaiomba radhi picha ya baba. Baada ya hapo maneno yalizidi kuwa mazito.

Jumapili moja mume wa dada, mwalimu wa jiografia, aliisoma ile kadi mbele ya wageni, akacheka mpaka akakaa chini. Akawafafanulia neno. Jioni simu ya msichana ililia.

"Nijibu moja," fundi alisema. "Siku ile, uliona kwamba nimeelewa vibaya?"

"Niliona."

"Ukaniacha nikaitundike ukutani."

Simu ikakatika.

Mchana ukarudi kuwa mrefu. Alitafuna mkate wake akitazama mawe yaliyopangwa rafuni, akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena. Lifti ya makumbusho ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Haikukwama hata mara moja. Huko juu ya majengo ya watu, fundi naye alitoa simu kila siku saa saba mchana, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Wiki ya nne msichana alimwandikia dada yake fundi barua. Alisema kosa ni la ukimya wake, si la fundi, na kwamba mawe ya namna ile huwadanganya hata wenye vyeti, sembuse mwashi mkweli. Kisha aliulizia kwenye kampuni ya lifti, akaelekezwa kwenye jengo la ofisi lililo mjini katikati. Lifti ilikuwa imezimwa. Alipanda ghorofa kumi na moja kwa miguu.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya mota. Aliinua macho akaona lile gauni la kijani, kifua kikipanda na kushuka.

"Umepanda zote?"

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuongea kama alivyoongea na wageni wa ofisini, juu ya makovu na maji na jinsi neno lile linavyotumika. Fundi aliweka spana chini.

"Habari za jiwe shemeji amenifundisha mbele za watu," alisema. "Sikuulizi jiwe."

Msichana aliushika ukuta.

"Baba yako alikosea, lakini alisema anachokiamini. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila mtu wa kuniuliza nimekula nini. Niliogopa nikisema ukweli, utachukua taulo lako na hutarudi. Nilitaka urudi. Bado nataka."

"Umekula nini leo?" fundi aliuliza, akimsogezea sanduku la vifaa akae.