Kamba Kutoka Kwenye Ukungu

Jioni ilikuwa ikiingia walipofika gati la Hobley, kwenye mfereji uendao Birmingham. Josiah akamfungua farasi aliyekuwa akiivuta boti yao kutoka ukingoni, ampeleke bandani.

"Mama Leah, bandika chai. Nikichelewa, ujue farasi kanifunga mimi."

"Nikisikia uko kilabuni, nitawafunga wote wawili," mkewe Thirza akamjibu.

Josiah akacheka, akapotelea kwenye ukungu. Leah, mtoto wao mchanga, alikuwa amelala ndani karibu na jiko. Thirza akabaki nje, nyuma ya boti, akijaza birika. Hapakuwa na boti nyingine gatini.

Ndipo ikaja harufu. Tope bichi. Majani yaliyooza...

Kisha maji yakapigapiga, kama yanavyofanya boti inaposogea. Lakini hakusikia kwato. Hakuona taa.

Kamba ikaruka kutoka kwenye ukungu, ikamwangukia kifuani.

Akaidaka, akaifunga kwenye nguzo ya boti yake. Watu wa mfereji ndivyo walivyolelewa: ukirushiwa kamba, funga kwanza, jina utauliza baadaye.

"Nani mwenzetu?" akaita.

"Asante, shoga," sauti ya mwanamke ikanong'ona. "Wengine waliniacha."

"Taa imewazimikia? Njoo uote moto."

"Mtoto wangu ana baridi..."

Thirza akaifuata kamba kwa macho. Haikwenda kwenye boti yoyote.

Ilizama moja kwa moja majini.

Ikakaza. Boti ikaanza kuinama. Ndani vikombe vikaanguka, Leah akalia. Thirza akauvuta mlango, ulikuwa umebana. Akarudi kwenye fundo, akalipigania kwa kucha na kwa meno. Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, gumu kama jiwe. Maji yakafika ukingoni, yakaanza kumwagika kuelekea mlangoni.

"Shoga," akasema. "Na mimi nina mtoto. Ni huyo unayemsikia. Nakuomba."

"Ana baridi..."

Thirza akavua shali yake ya sufu. Akapiga magoti, akaiweka juu ya maji taratibu.

"Mfunike."

Shali haikuelea. Ilishuka polepole, kama kitu kinachopokewa kwa mikono miwili.

Kamba ikalegea. Boti ikainuka, mlango ukafunguka. Leah alikuwa amenyamaza. Nguo zake zilikuwa kavu, lakini nywele zilikuwa mbichi, zinanuka tope.

Josiah alirudi na Bibi Agutter, mlinzi wa banda. Bibi kizee yule hakuuliza mengi. Alimkuta Thirza anatetemeka, akamvika koti lake mwenyewe.

"Ulifunga kamba?"

"Nilifunga, bibi."

"Mama mkwe wangu alinisimulia. Mto ulifurika, ukawa unaingia mferejini. Mwanamke akaja peke yake na mtoto, akarusha kamba gatini. Akarusha tena. Watu walikuwa kilabuni wanaimba, hakuna aliyetoka. Maji yakaichukua boti."

"Na mtoto?"

"Hawakumpata."

"Sasa ameridhika?" Josiah akauliza.

Bibi Agutter akamfuta Leah nywele kwa pindo la gauni lake, polepole.

"Sijui, baba. Wengine wote walikata kamba wakakimbia. Huyu ndiye wa kwanza kumpa kitu."

Asubuhi Thirza aliitazama nguzo. Hapakuwa na kamba. Wakamfunga farasi, wakaondoka. Josiah alikuwa njiani kando ya mfereji, akimhimiza.

"We mvivu! Makaa yote tumeyashusha juzi, boti tupu, na wewe unahema kama unavuta mbili!"

Farasi alikuwa ameinamisha kichwa, jasho linamtiririka. Hakuwa mvivu. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote.

Thirza alishika usukani kwa mkono mmoja, Leah begani. Mtoto alikuwa anatazama nyuma, majini. Alicheka, akanyoosha mkono, kama watoto wanavyofanya wakiona mtoto mwenzao.

Thirza hakugeuka.

Walipofika kwenye kona, aliipinda boti kwa upana, taratibu sana, kama afanyavyo mtu aliyefungiwa boti nyingine nyuma, ili isije ikajigonga ukingoni.