Kilomita za Alhamisi

Siku ya maonyesho ya magari ya kale, uwanja ulifurika watu. Kila mwenye gari alishika kitambaa, akifuta pale alipokwisha kufuta. Chini ya gari moja la spoti la bluu ilitokeza miguu ya mwanamke, imevaa viatu vyekundu vya ngozi visivyofaa kabisa kulalia chini. Mwanamume mmoja mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa akipita huku anatazama juu. Akajikwaa kwenye viatu hivyo, nusura aanguke kifudifudi.

"Samahani, dada! Sikukuona."

"Hukuniona, au hukuangalia?" sauti ilimjibu kutoka chini ya injini.

"Yote mawili. Umeumia?"

"Viatu ndivyo vimeumia."

Mwanamke akajivuta nje juu ya kipande cha boksi, tochi mkononi, kilemba chake cha rangi ya machungwa kimekaa sawasawa. Alikuwa mthamini wa magari ya kale, na wenzake kazini walimwita Tochi kwa sababu hakuamini kitu ambacho hakukimulika mwenyewe. Yule bwana alisahau kuondoka. Alimtazama usoni, kisha mkononi.

"Saa yako imesimama."

"Najua. Ilikuwa ya marehemu bibi yangu. Haitengenezeki."

"Dada, mimi ni fundi saa. Neno hilo usinitukane nalo mbele za watu."

Tochi alicheka kabla hajaamua kama anataka kucheka. Akaivua saa, akampa mtu asiyemjua kitu alichokipenda kuliko vyote, na mpaka leo hawezi kueleza kwa nini.

Saa ilirudi baada ya siku nne, inatembea. Baada ya hapo zikaanza simu.

"Mwanga wangu, saa ngapi sasa?"

"Si una ukuta mzima wa saa hapo dukani?"

"Zote hizo hazina sauti yako."

"Fundi, nina kazi! Niko chini ya gari la watu."

"Basi niambie una viatu gani, nikate simu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Baada ya miezi minne hata mlinzi wa ofisini kwa Tochi alikuwa anamsalimu Fundi kwa jina la shemeji. Walikuwa wamepata na nyumba ya ndoto zao: vyumba viwili, duka dogo mbele, dirisha linalopata jua la asubuhi kwa ajili ya meza ya saa. Kilichobaki ni kuuza gari la marehemu baba yake Fundi.

Lilikuwa gari la spoti jekundu la viti viwili na paa la turubai, na marehemu mzee alilinunua kabla mwanawe hajazaliwa. Kisha akamwahidi mtoto wake wa pekee: gari hili ni lako, sitalichosha. Mita ilisoma kilomita elfu tisa mia nane na kumi na mbili, baada ya miaka arobaini. Mnunuzi alikuwa amekwisha kupatikana, mkusanyaji wa magari ya kale yasiyotembea sana, na bei aliyotaja ilitosha nyumba. Sharti lake lilikuwa moja: Tochi, ambaye sahihi yake aliiamini kuliko zote, athibitishe kilomita hizo.

"Kwani kilomita zina nini?" Fundi aliuliza siku moja wakinywa chai. "Gari si ni lile lile?"

"Chache zinapandisha bei. Mnunuzi anajua mikono iliyoligusa ni michache. Lakini gari lililosimama nalo linazeeka, mpenzi. Sili za mpira zinakauka, matairi yanapasuka, petroli inaganda kwenye kabureta. Ukiliwasha linakohoa."

"Akiba haiozi."

"Akiba haiozi, raba inaoza. Wewe umewahi kulipanda?"

Fundi alifikiri. "Nimewahi kuliosha."

Tochi alimhurumia, akambusu kwenye paji la uso.

Siku ya ukaguzi alivaa bwelasuti ya kijivu juu ya gauni lake la njano, akaingia na Fundi banda la gari nyuma ya nyumba ya mama mkwe mtarajiwa. Alimulika chasi, ikampendeza. Akamulika kikanyagio cha breki, mkono wake ukasita. Mpira ulikuwa umelika upande mmoja mpaka ukawa laini. Alimulika usukani, kisha kiti cha abiria, ambacho kilikuwa kimebonyea kama kiti cha mtu mwenye mazoea. Akalala chali chini ya dashibodi, na hapo akaona kebo ya mita inaning'inia, imefunguliwa. Nati yake iling'aa kwa kufunguliwa na kufungwa mara nyingi mno.

Gari hilo lilikuwa limetembea sana, na kuna mtu alihakikisha mita haijui.

"Fundi," alisema bila kutoka pale chini. "Nani anafungua kebo hii?"

"Kebo gani?"

"Usinifanyie hivyo. Mita inasema kilomita elfu tisa, breki inasema zaidi ya elfu hamsini. Hii ni kazi ya mtu anayejua vyuma vidogo."

Tochi alipotoka alimkuta Fundi amesimama, mikono imelegea.

"Vyuma vidogo," Fundi alirudia. "Yaani mimi."

"Nauliza tu."

"Hujauliza. Umekwisha kuhukumu. Mtu uliyempa saa ya bibi yako, leo ni tapeli?"

"Sitatia sahihi, Fundi. Hata kwa ajili ya nyumba yetu."

"Usitie! Nyumba yenye mtu asiyeniamini ya nini?"

Tochi alikunja bwelasuti, akaondoka bila kuaga. Njiani alilia, akajikasirikia, akalia tena. Siku tisa simu haikuita. Saa ya bibi ndiyo iliyomtesa zaidi, maana ilikuwa inatembea bila kukosea hata dakika, na kila alipoitazama alijiuliza kama mikono iliyoitengeneza kwa subira hivyo ingeweza kudanganya watu. Siku ya kumi simu ikaita.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya mama yake Fundi, "njoo nyumbani. Njoo na tochi yako, maana mimi ndiye wa kumulikwa."

Alimkuta Fundi amekaa kwenye ncha ya kochi, shati halikupigwa pasi, wala mwenyewe hakunyoa. Hawakuangaliana. Mama alikuwa amejitanda kanga yake nzuri, kama anayekwenda kutoa ushahidi. Aliweka mezani daftari la shule lililochakaa pembe.

"Kebo alikuwa anaifungua baba yako," alimwambia mwanawe. "Kila Alhamisi ukiwa shule, baadaye ukiwa dukani. Nilimwambia, mume wangu, tutalitazama gari hili mpaka tufe? Alikuwa amekuahidi, akaona aibu kuvunja ahadi. Lakini na mimi hakuweza kuninyima. Basi akachukua spana."

"Mama! Miaka yote?"

"Miaka ishirini na saba. Mshale wa kasi haufanyi kazi kebo ikifunguliwa, basi ananiuliza mimi: mke wangu, tunakwenda kasi gani? Namwambia, ya watu wasio na haraka."

Fundi alifungua daftari. Mwandiko wa baba yake aliujua. Kilomita zilihesabiwa kwa vibao vya barabarani, safari kwa safari, na pembeni neno au mawili. *Ziwani, 84. Mvua, paa linavuja, amecheka. Kilimani, 60. Tumegombana, tumerudi kimya. Kilimani tena, 60. Tumepatana.* Mstari wa mwisho ulisema: *Hospitali, 22. Majibu si mazuri. Tukapitia ziwani.*

Fundi alijifunika uso. Tochi alijikuta amepiga magoti mbele yake, ameishika mikono ile ile aliyoituhumu.

"Nimekukosea. Nilimulika kila kitu, nikasahau kukuangalia wewe. Nisamehe, mpenzi."

"Na mimi nilikufokea kwa sababu ulisema kweli juu ya gari," alisema Fundi. "Niwie radhi, mwanga wangu."

"Kosa ni langu," Mama alidakia. "Nilipoona mnavyoifurahia nyumba, nikameza ulimi. Lakini ahsante, mwanangu, kwa kukataa. Ungetia sahihi, Alhamisi zangu zote zingefutika, ingekuwa kama sikuwahi kwenda popote na mume wangu."

Tochi alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa ukaidi wake mwenyewe.

Jumatatu alimpigia mkusanyaji, akamweleza ukweli wote na jumla ya kilomita za daftari. "Elfu sitini na moja?" bwana yule alishangaa. "Hapana, mama. Mimi nataka ambalo halijaguswa." Akakata. Nyumba ya vyumba viwili ikaenda kwa watu wengine. Ajabu ni kwamba Fundi aliposikia alicheka kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alhamisi iliyofuata alifunga duka mapema. Kebo aliirudisha mwenyewe, akakaza nati. Paa lilikuwa chini, na gari lilipowashwa halikukohoa hata kidogo, kwani halikuwahi kusimama kiasi cha kusahau njia. Tochi alifika na gauni la njano na viatu vyekundu.

"Mama, ingia wewe kwanza," alisema.

"Mimi zamu yangu nimeila yote, namshukuru Mungu. Kaa, kiti kimekwisha kubonyea."

Walikwenda ziwani bila haraka. Walipozima injini, Fundi alimpa daftari. Chini ya mstari wa hospitali palikuwa na mwandiko mpya: *Ziwani, 84. Mimi na mke wangu.*

"Umeandika uongo," Tochi alisema. "Wewe huna mke."

"Ndiyo maana nimemleta mthamini. Nitaoa nikikubaliwa. Unathibitisha, au huthibitishi?"

Tochi alitoa tochi mkobani, akammulika usoni mchana kweupe, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi.