Dakika Saba za Swichi Kuu

Amri iliingia kwenye redio saa nne na dakika ishirini na saba asubuhi.

"Chai imeingia nzi."

Maneno matatu tu. Kunguni alitupa gazeti kwenye kiti cha nyuma cha Toyota yake, akachomoa Glock kwapani, akavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Pikipiki ilimkosa kidogo tu, na mwenye pikipiki akamtukania ukoo mzima. Hakuwa na muda wa kujibu.

Kwa lugha ya Idara ya Ujasusi, chai ni shahidi. Nzi ni muuaji.

Na shahidi wa safari hii alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Jina la Kunguni alipewa na wenzake kazini, kwa sababu akishaingia nyumba ya mtu hatoki, na mwenye nyumba humjua akishaumwa. Mdogo wake hakuwa na jina la kijasusi. Alikuwa dereva wa lori. Alivusha mpakani makasha ya vipuri vya trekta mara sita kabla hajagundua kwamba ndani mlikuwa na bunduki. Alitaka kuacha kazi kimyakimya, arudi nyumbani, yaishe. Kunguni ndiye aliyemkalisha chini akamshawishi awataje wakubwa wake mbele ya hakimu. Mama yao alipoanza kulia, Kunguni alimwambia aache, atamrudisha mzima.

Hakimu alikuwa anafika saa tano kamili. Dereva alikuwa amefichwa ghorofa ya tatu ya jengo la Idara, chumba namba kumi na nne, nyuma ya mlango wa chuma.

Mlango wa nje ulisoma kadi ya Kunguni. Taa ya kijani. Akaingia.

Mlango wa pili, kijani. Akapanda ngazi mbili mbili.

Ghorofa ya pili ilikuwa na kichumba cha vioo, mlango huku na mlango kule, cha kukagulia wageni. Wa huku ulifunguka kwa adabu. Akaingia, akaweka kadi kwenye mlango wa kule.

Nyekundu.

Nyuma yake kukasikika "klik". Alijua kabla hajageuka. Hakuwa amevunja njia ya kuingia humo, alikuwa amekaribishwa.

Alipiga risasi moja. Kioo kilipata alama nyeupe ndogo, na risasi ikarudi ikapita karibu na goti lake. Hakurudia. Akatoa kalamu ya kukatia chuma, ile ambayo Idara iliipokea kwa sherehe na hotuba mbili. Kalamu ilikwangua rangi. Akapiga teke, kisha bega, kisha teke tena, na mlango ukamtazama tu. Kwenye redio, Mkuu alisema kikosi kiko njiani, dakika ishirini. Walinzi wote saba walikuwa wamefungiwa chumbani mwao chini, pamoja na bunduki zao zote.

Simu ya mfukoni ikatetemeka. Alikuwa Bi Waya.

Bi Waya alikuwa fundi wa mtandao wa jengo lile, mama wa miwani yenye kamba, aliyebakiza miezi minne astaafu. Kila kitu humo ndani, milango, kamera, simu za ukutani, kilipita kwenye mashine moja iliyokaa chini kwenye chumba chenye baridi: swichi kuu, yenye matundu arobaini na nane na taa arobaini na nane. Bi Waya aliitunza miaka tisa. Sasa alikuwa anaiangalia kupitia kioo, akiwa amefungiwa chumba cha mafaili upande wa pili wa korido.

Alieleza haraka, bila kulia. Saa mbili asubuhi alikuja mkandarasi na barua yenye mihuri yote, kwamba programu ya swichi imepitwa na wakati na leo lazima ibadilishwe. Barua ilikuwa safi. Kilichomsumbua Bi Waya ni viatu. Fundi wa mtandao hupiga magoti siku nzima, na viatu vya yule bwana havikuwa na mkunjo hata mmoja. Lakini nani anamfukuza mtu kwa sababu ya viatu? Kazi yenyewe aliifanya mwenyewe Bi Waya, hatua kwa hatua: akanakili mipangilio ya zamani, akakagua kwamba programu mpya ni nzima na imetoka kwa watengenezaji, akaipakia, akaiwasha mashine upya, akajaribu mlango mmoja mmoja, akahifadhi. Hapo ndipo mkandarasi alipoomba kukaa kidogo kwenye kiti, athibitishe. Akamtuma Bi Waya kutafuta cheti cha mashine kwenye mafaili. Mlango ukajifunga nyuma yake, na nywila yake ikakataliwa. Alipoipigia kampuni, walimwambia hawajatuma mtu. Ndipo alipompigia Mkuu.

"Chomoa umeme, mama," Kunguni alisema. "Vunja kioo, fanya lolote."

"Mwanangu, nimeshavunja viti viwili hapa."

Kunguni alifunga macho. Alipoyafungua, mtu alikuwa anapita upande wa pili wa kioo.

Suti ya kijivu. Begi la kompyuta begani. Mkono wa kulia ulishika bastola yenye kiziba sauti, wa kushoto ulishika simu, na kwa kidole gumba alikuwa anaifungua milango ya mbele yake na kuifunga ya nyuma yake, mmoja mmoja, kama mtu anayezima taa za nyumba yake kabla ya kulala. Alipofika usawa wa Kunguni alisimama. Akainamisha kichwa kidogo, salamu ya watu wa kazi moja. Kisha akapanda ngazi bila haraka.

Viatu vyake kweli vilikuwa vipya.

Kunguni alimwelekezea bastola mgongoni mpaka alipopotea. Alijua kioo hakipitishi risasi. Alielekeza hivyohivyo, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

Saa nne na dakika thelathini na tano.

"Bado dakika saba," Bi Waya alisema.

Kunguni aliuliza saba za nini.

Akamweleza. Zamani, akiwa bado mgeni kazini, alibadilisha mipangilio ya swichi ya tawi la mbali akiwa mezani kwake, akakosea neno moja, akajifungia nje. Alisafiri siku nzima kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Tangu hapo hamruhusu mtu kugusa swichi yake, hata yeye mwenyewe, kabla hajaiwekea saa: mashine ijizime na kuwaka upya baada ya dakika arobaini na tano, isipokuwa yeye aifute amri hiyo. Kazi ikienda sawa, anafuta. Ikiharibika, swichi inajizima yenyewe na kuamka na mipangilio ya mwisho iliyohifadhiwa. Leo aliiweka kabla ya kumpisha mkandarasi kitini. Dakika za mwisho mashine ingemwonya yeyote aliyekaa mbele yake, lakini yule bwana alikuwa ameshafunga begi lake na kuanza kupanda ngazi.

"Kwa hiyo ikizima, inaamka ikiwa yetu?"

"Kama hakuhifadhi vitu vyake. Akiwa amehifadhi, itaamka ikiwa yake. Nikuulize. Nyie watu wa kazi hiyo, mkimaliza shughuli, huwa mnaandika mahali?"

"Hatuandiki. Kamwe."

"Basi tuombe na yeye yuko hivyo."

Kunguni aliuliza afanye nini kwa sasa.

"Hakuna cha kufanya, mwanangu. Subiri."

Miaka kumi na tisa kazini, na hakuna aliyewahi kumpa amri ngumu kama ile.

Simu ya ukutani ikalia.

Alikuwa mdogo wake. Alikuwa amepiga chumba cha walinzi, laini imekufa, basi akawa anajaribu namba zote zilizobandikwa ukutani. Aliuliza kuna nini, mbona kimya, kama hakimu bado anakuja. Kunguni alimwambia kuna hitilafu ya milango, mafundi wanashughulika. Alimwambia asukume kitanda kwenye mlango. Mdogo wake akajibu kwamba kitanda kimefungwa sakafuni kwa boliti. Alimwambia akae pembeni, mbali na mlango, asiuitikie. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikiwa imetulia, na aliichukia kwa uongo wake.

"Kaka, uko wapi?"

"Hapa chini yako."

"Si upande, basi."

"Nakuja."

Akatazama saa yake. Casio, ya kawaida kabisa, kitu pekee alichovaa ambacho hakikutoka Idara. Dakika thelathini na tisa. Alifikiria mama yao akiwa jikoni, redio ikiwa juu ya kabati. Yeye ndiye aliyemtoa huyu mtoto nyumbani na kumweka kwenye chumba chenye kitanda cha boliti. Laiti angemwacha anyamaze. Laiti angemwacha aendeshe malori ya watu hadi azeeke.

Dakika arobaini na moja.

"Kaka, kuna mtu mlango wa nje wa chumba changu." Sauti ilishuka. "Umefunguka. Ameingia kichumba cha mbele. Umefungwa tena."

"Kaa pembeni."

"Nasikia viatu."

"Nisikilize. Kaa pembeni, usi—"

"Kaka, mlango unalia."

Simu ikakatika.

Si mlio, si kelele. Ilikufa tu, na taa nyekundu ya mlango wa kioo nayo ikafa. Kwenye simu ya mfukoni Bi Waya alisema kwa sauti ndogo kwamba taa zote arobaini na nane zimezima.

"Mama, wa kumi na nne umefunguka au haujafunguka?"

"Sijui. Mlango usiposikia amri unabaki ulivyokuwa. Kama ulikuwa umefungwa, umefungwa."

"Na kama alishaufungua?"

"Taa zikiwaka ndipo tutajua."

"Inaamka kwa muda gani?"

"Programu ya zamani ilikuwa dakika nne. Hii mpya niliipima asubuhi. Saba."

Jasusi aliyevuka mipaka mitano kwa pasi bandia alikaa sakafuni, mgongo kwenye kioo, bastola mapajani. Alitega sikio. Juu hakukusikika kitu, na bastola ile haikuwa ya kusikika. Alijaribu kukumbuka dua, zikamjia nusunusu. Bi Waya alikuwa anamsomea kutoka chini: taa ya kwanza imewaka, ya manjano. Inajikagua. Inasoma programu. Bado. Bado, mwanangu. Kunguni alilia dakika ya tano. Alilia bila sauti, kwa hasira, na hakujifuta.

"Matundu yanawaka," Bi Waya alisema. "Moja. Sita. Yote."

Kunguni alisimama. Akaweka kadi mlangoni. Aliishika kwa mikono miwili.

Kijani.

Alipofika ghorofa ya tatu alimkuta. Mlango wa nje wa kumi na nne ulikuwa wa kioo, na nyuma yake, kwenye kichumba kisichotosha watu watatu, mkandarasi alikuwa amesimama kati ya milango miwili, anabonyeza simu yake, anabonyeza tena. Swichi haikumjua. Mlango wa chuma nyuma yake ulikuwa umefungwa. Lakini mlango uliofungwa hausemi kama ulifunguka kabla.

Kunguni hakumfungulia. Alinyanyua simu ya ukutani, akapiga kumi na nne.

Ikalia mara tatu.

"Kaka?"

Kunguni aliegemea ukuta.

"Mlango ulilia tu, ukanyamaza," mdogo wake alisema. "Mbona ulinikatia simu?"

Mkandarasi aliitazama sura ya Kunguni, akaelewa. Akaiweka bastola sakafuni, akakunja suruali kidogo ili isichafuke, akakaa. Walinzi walikuwa wanapanda ngazi kwa mbio. Aliuliza kupitia kioo, kwa Kiswahili safi, ni nani aliyefanya hivi.

"Mama mmoja," Kunguni alisema. "Yuko chini."

Hakimu alifika saa tano na dakika kumi, akasikiliza majina tisa, na siku ileile saba kati ya waliotajwa walikuwa mahabusu. Kunguni alishuka kumshukuru Bi Waya. Alimkuta amepiga magoti mbele ya swichi, anabadilisha nywila, naye akamwambia asimsemeshe kwanza, hajahifadhi.

Mlangoni, redio ilikwaruza. Mkuu alitaka taarifa fupi ya makao makuu. Silaha iliyotumika?

"Hakuna."

"Mbinu?"

"Nilisubiri."

Mkuu alicheka, akasema siku zote Kunguni ana maneno machache.

Kunguni akavaa miwani ya jua, akavuka barabara, akaipita Toyota yake bila hata kuitazama, akaendelea kwa mguu, mikono mfukoni, taratibu. Walinzi waliomwona kutoka dirishani walisema yule bwana damu yake ni ya baridi. Funguo za gari zilikuwa mfukoni. Alikuwa amejaribu mara mbili kuzishika, na vidole vilikataa.