Uvimbe Mdogo kama Kifungo

Mama Pindo alikuwa mshonaji. Kabla ya kukata kitambaa kipya, alilowesha kipande chake kidogo kwenye beseni. Kikikauka, alikipima kwa futi kuona kama kimesinyaa.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu atolewe uvimbe kwenye titi. Ilikuwa saratani. Daktari alitaka kipande cha uvimbe huo kipelekwe maabara kubwa, kipimwe jeni. Barua ya kukubali ilikuwa chini ya mkasi, bila saini.

"Kidude chenyewe kidogo kama kifungo cha shati," alisema. "Kimeshatoka. Wanapima nini tena? Mimi nina sare arobaini za shule."

Mumewe, fundi baiskeli, alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi. "Mama watoto, kesho ndiyo mwisho wa kupeleka barua."

"Baba watoto, kaza bolti zako."

Mumewe hakucheka.

Mchana, muuguzi wa zahanati alifuata gauni lake. Akaiona barua.

"Dada, hii bado iko hapa?"

"Uvimbe mdogo vile utanifanya nini?"

Muuguzi akatazama beseni. "Na hicho kipande unalowesha cha nini?"

"Nijue tabia ya kitambaa. Kwa macho huwezi kujua."

"Na tabia ya uvimbe, uliijua kwa macho?"

Mama Pindo akasimamisha cherehani.

Muuguzi akavuta kigoda. "Kila seli ya mwili ina maagizo ya kazi yake. Hayo ndiyo jeni. Kwenye uvimbe, baadhi ya maagizo yamebadilika. Kuna mabadiliko yanayoufanya ukue polepole. Mengine huufanya uwe mkali, hata ukiwa mdogo. Kipimo kinakadiria uwezekano wa saratani kurudi. Hapo daktari anajua kama unahitaji dawa kali au la."

"Kitasema nitakufa lini?"

"Hapana. Hii si ramli, dada."

"Na binti yangu? Nimemrithisha?"

"Mengi ya mabadiliko haya hutokea kwenye uvimbe wenyewe, hayarithiwi. Yapo ya kurithi, nayo yana kipimo chake. Mwulize daktari."

Mama Pindo akafuta vidole. Akatia saini.

Majibu yalichukua wiki mbili. Alishona, akafumua, akashona tena. Shati moja alilitia mikono miwili ya kushoto. Mumewe alikaza bolti moja mpaka ikakatika.

Hatimaye daktari alifungua karatasi mbele yao.

"Uvimbe ulikuwa mdogo," alisema, "lakini jeni zake zinaonyesha ulikuwa mkali. Bila dawa, uwezekano wa kurudi ni mkubwa. Dawa itaupunguza."

Mumewe akamshika mkono. Grisi ikabaki kiganjani mwa Mama Pindo. Hakuifuta.

"Tunaanza lini?" aliuliza.

Dawa zilimchosha. Nywele zikatoka zote. Mumewe akapapasa upara wake mwenyewe, akasema, "Karibu chamani." Sare zilimaliziwa na binti yao.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mama Pindo haruki siku ya kliniki, na saratani haijaonekana tena.

Juzi mteja mmoja alimharakisha. "Kata tu, mama, nimechelewa."

Mama Pindo alichovya kipande kwenye beseni, akakianika dirishani.

"Kaa," akamwambia. "Tusubiri kikauke."