Shahidi Ambaye Hakuona

Kila Jumamosi asubuhi, Blandina na shangazi yake Ernesta walikuwa wakiosha tangawizi mferejini, nyuma ya nyumba yao kule Mamba, katika milima ya Upare. Usimwone shangazi huyo na matope mikononi ukadhani ni mkulima tu. Alikuwa mwigizaji wa filamu, uso wake ukijulikana nchi nzima. Alirudi kijijini kukimbia kelele za kesi yake. Yeye na Rodrick, aliyekuwa mume wake, walikuwa wakivutana mahakamani Dar es Salaam: binti yao Faraja, mwenye miaka sita, aishi na nani? Wakati huo mtoto alikuwa kwa baba yake.

Kila siku magazeti ya udaku yalikuja na jipya. Simu ikilia, shangazi anashtuka. Makande anayaacha nusu sahani. Blandina, aliyempenda mno, naye alikosa raha.

Jumamosi moja asubuhi baragumu likalia. Msaragambo! Kwa Wapare, sauti hiyo ikisikika, kila nyumba hutoa mtu kwenda kufanya kazi ya kijiji. Siku hiyo walikuwa wazoe tope kwenye ndiva, bwawa linalomwagilia mashamba yao. Shangazi hakutaka kukodolewa macho, kwa hiyo Blandina akaenda badala yake.

Msaragambo una jembe, lakini una maneno pia.

"Eti Blandina," aliuliza rafiki yake Koleta, "ni kweli shangazi yako alikuwa akiteswa na mumewe?"

Majembe yakapunguza kasi. Watu wazima wakatega masikio. Heri angenyamaza! Lakini ulimi hauna mfupa.

"Niliona kwa macho yangu," alisema Blandina kwa sauti. "Nilikuwa kwao Dar. Alimchoma mkono kwa pasi!"

"Mungu wangu!" wanawake wakashika vichwa. "Maskini Ernesta!"

Jamani, mtoto huyu hata Dar hakuwahi kufika! Mwisho wake wa kusafiri ulikuwa Same mjini. Na wala hakumwona Elibariki, kijana wa bodaboda, aliyekuwa amenyanyua simu akimrekodi.

Jioni video ilikuwa imezagaa kila mahali. Wakili wa shangazi, Fortunata, akapiga simu.

"Upande wa Rodrick wameipata," alisema. "Watadai umemfundisha mtoto uongo. Jumatatu hakimu akiwaamini, Faraja humpati."

Shangazi alizunguka chumbani, akakaa, akasimama tena.

"Blandina, pasi gani hiyo?"

"Nilitaka kukusaidia, shangazi. Nilitaka watu wakuonee huruma."

"Rodrick alinitukana. Alinifungia nje kwenye mvua. Hayo nimeyaeleza yalivyokuwa, wala sikuongeza chumvi. Kazi yangu ni kulia mbele ya kamera, mwanangu. Nikilia mahakamani wanasema, 'Anaigiza huyo!' Nilikuwa nimebaki na ukweli tu, na sasa umeuchafua."

Blandina alilia mpaka akakosa sauti.

Kesho yake, baada ya ibada, mama yake Koleta alimvuta pembeni. "Usibadilishe maneno," alimnong'oneza. "Watu wote sasa wako upande wa shangazi yako."

Maneno hayo yalimhangaisha Blandina njia nzima. Watu wote wako upande wake, sawa, lakini Faraja je? Akageuza njia, akamfuata Elibariki kijiweni.

"Kaka Elibariki, nirekodi tena. Nataka kusema kweli."

Elibariki akacheka. "Ile ya kwanza imetazamwa na maelfu. Hii nani ataitazama?"

"Hakimu."

Kicheko kikamkauka. Akatoa simu.

"Naitwa Blandina," alisema. "Sikuona chochote. Sijawahi kufika Dar. Hakuna aliyenifundisha, nilitunga mwenyewe."

Usiniulize alivyotaniwa! Shuleni walimwita "Pasi" muhula mzima. Lakini Wakili Fortunata aliipeleka video hiyo mahakamani, na madai kwamba shangazi amefundisha mtoto uongo yakaanguka. Kesi ilipokwisha, hakimu aliamua kwamba Faraja aishi na mama yake, na likizo aende kwa baba yake.

Siku shangazi alipomleta Faraja Mamba, mtoto alimkazia Blandina macho.

"Ni wewe uliyesema baba alimchoma mama kwa pasi?"

Blandina alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi. Nilisema uongo. Nisamehe."

"Baba aliiona ile video," alisema Faraja. "Akalia."

Siku zote hizo Blandina alimfikiria Rodrick kama adui wa shangazi. Hakuwahi kumfikiria kama baba wa mtu.

Shangazi akawakumbatia wote wawili.

"Mtu akikukosea, mseme kwa kosa alilolitenda, usimbebeshe jingine," alisema. "Na ukiulizwa jambo usiloliona, Blandina, hata kama unamtetea umpendaye, sema hujui. Wala si aibu."

"Nimesikia, shangazi," alisema Blandina, akamshika Faraja mkono wakaingia ndani.